Miezi Tisa Toa Miwili

Saa nane na dakika ishirini na tano mchana, siku ya Jumanne, pacha wa kwanza alizaliwa akiwa na kilo moja na gramu mia sita. Wa pili alifuata saa nane na dakika hamsini, akiwa na gramu mia moja na hamsini pungufu. Nilikuwa nje ya dirisha la wodi, saa mkononi, naandika. Ilikuwa Januari, katikati ya miaka ya tisini, mjini Mpanda, na kwa hesabu ya kliniki watoto hawa walitakiwa kuzaliwa Machi. Walikuwa wamewahi kwa wiki nane. Ni mara ya mwisho katika ukoo wetu mtu yeyote kuwahi mahali.

Majina yao siyaandiki. Huku kwetu majina ya mapacha yamepangwa kabla ya wazazi wao kukutana, kwa hiyo msomaji hakosi kitu.

Walikaa hospitali wiki tano, wakilishwa maziwa ya mama yao kwa kijiko. Siku ya kutoka, mkunga mmoja wa makamo, mwanamke asiyepoteza maneno, alituita pembeni.

"Baba Mapacha, hawa ni njiti. Msiwafananishe na watoto wa jirani. Kukaza shingo, kukaa, kutambaa, kutembea, yote hayo wahesabieni toka siku waliyotakiwa kuzaliwa. Toeni miezi miwili."

Nilimwelewa kuliko alivyotarajia. Kazi yangu ilikuwa kupima tumbaku katika ghala la chama cha wakulima. Robota la tumbaku linaletwa limefungwa gunia. Unapima vyote pamoja, unatoa uzito wa gunia, kinachobaki ndicho uzito halisi. Ukishaupata huo, ule wa kwanza umekufa. Haumlipi mkulima, hauingii kwenye hati, hakuna anayeutaja tena. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kanuni hii niliijua vizuri, na nilifurahi kuona kwamba inafanya kazi hata kwa binadamu.

Nilichora daftari la safu mbili. Ya kushoto niliiita umri wa kuzaliwa, ya kulia umri halisi. Watoto walipokaza shingo wakiwa na miezi mitano ya kushoto, niliandika mitatu upande wa kulia, nikalala usingizi mzuri. Mke wangu hakulala, kwa sababu jirani yetu pale Nsemulwa alikuwa amejifungua wiki moja na yeye, na mtoto wa jirani alikuwa na tabia mbaya ya kukua mbele za watu. Alipofika miezi sita alikuwa anakaa peke yake juu ya mkeka kama mjumbe wa nyumba kumi. Wetu ukiwakalisha walianguka, mmoja kulia na mwingine kushoto, kwa utaratibu.

Agosti akaja bibi yake mke wangu kutoka Mwamkulu, amebeba jembe dogo. Kwa desturi mimi na yeye ni watani; mume wa mjukuu wake ni mume wake.

"Mume wangu," alisema kabla hajakaa, "hawa wana miezi mingapi?"

"Mitano, bibi."

"Mitano! Mimi Januari si nilikuja hospitali nikakuta umewafunga kifuani na kanga? Ulikuwa umebeba nini, viazi?"

"Tangu kuzaliwa ni saba. Umri halisi ni mitano."

"Aa, basi na mimi nitolee. Nitolee miaka thelathini, unioe vizuri."

Mke wangu alicheka mpaka akaacha kuchambua maharage. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta ukurasa ili nimwoneshe bibi. Nilipoupata, yeye alikuwa ameshatoka uani na jembe lake. Kwao mtoto asiyekaa huchimbiwa kishimo, anatiwa humo mpaka kiunoni, mgongo unajifunza. Alichimba nyuma ya jiko, akatandika kanga, akampanda pacha wa kwanza kama mche wa mgomba. Mtoto akaegemea ukingo, akawa anatazama kuku kwa furaha kubwa. Nilimtoa, nikampa bibi somo la dakika ishirini, na jioni nikakifukia kishimo. Nakiri leo kwamba kishimo kile hakikumdhuru mtu. Ndicho kitu pekee kilichofanywa uani kwangu mwaka ule kwa ajili ya watoto ambacho siwezi kukilaumu.

Oktoba, wakiwa na miezi tisa ya kushoto na saba ya kulia, wakakaa. Wa kwanza Alhamisi, wa pili siku tano baadaye, bila shimo, bila jembe. Niliandika tarehe nikazipigia mstari kwa rula. Jirani aliyekuwa ameshaanza kunionea huruma aliacha. Kwa muda wa wiki moja hivi nilikuwa mtu asiyevumilika.

Katika wiki hiyo ndipo nilipochukua kadi zao za kliniki. Zilikuwa na kosa, na mimi makosa kwenye hati siyawezi. Nilikata tarehe ya Januari kwa mstari mmoja ulionyooka, kama tunavyofanya ghalani, nikaandika ya Machi juu yake, nikatia sahihi. Kadi zote mbili. Siku chache baadaye mke wangu alienda nazo kliniki kwa ajili ya sindano ya surua, ambayo mtoto anachomwa akifika miezi tisa. Alirudi mapema.

"Wamesema bado. Turudi Desemba."

"Amesema nani?"

"Nesi mmoja mgeni. Ameangalia kadi, akahesabu kwa vidole, akasema hawa ni wa miezi saba."

Nilifurahi sana kuona kwamba watumishi wa afya wameanza kuelewa hesabu.

"Lakini mtoto wa jirani amechomwa," alisema mke wangu. "Na wamezaliwa wiki moja."

"Wiki moja kwa safu ya kushoto."

"Kwani surua inasoma safu ipi?"

Swali hilo niliona halina mpangilio.

Surua ilianza mtaa wa Magamba mwanzoni mwa Novemba, na katikati ya mwezi ilikuwa Nsemulwa. Mtoto wa jirani aliendelea kukaa mkekani. Pacha wa pili alipata homa, macho yakawa mekundu, akakohoa, na siku ya nne vipele vikatokea nyuma ya masikio vikashuka. Siku mbili baada yake, wa kwanza. Tulipofika hospitali, yule mkunga aliyetupa ushauri alikuwa amehamishiwa wodi ya watoto. Alizishika kadi, akazisogeza kwenye mwanga.

"Nani amekata tarehe hapa?"

"Mimi."

"Na sahihi hii?"

"Yangu."

"Umesaini vizuri." Aliziweka mezani. "Nilikwambia utoe miezi kwenye kukaa na kutambaa. Nilikwambia utoe kwenye sindano?"

"Hukusema nisitoe."

Alizigeuza zile kadi zinielekee.

"Baba Mapacha, nisikilize. Mgongo na miguu vinafuata umri wa tumboni, ndiyo maana nikakwambia utoe. Magonjwa hayafuati hivyo. Mtoto akishavuta hewa, yanaanza kumhesabia siku ile ile. Na njiti anatoka na kinga kidogo ya mama yake kuliko mwenzake aliyetimia. Huyu ndiye hakutakiwa kukosa hata siku moja."

Kumbe safu zote mbili zilikuwa hai. Miaka yote ghalani sikuwahi kukutana na mzigo wa namna hiyo.

Walipewa matone ya vitamini, na wa pili, ambaye surua ilishamwingia mapafuni, akaanzishiwa sindano kila baada ya saa sita. Mke wangu alimshika yeye, mimi nikamshika wa kwanza. Siku ya sita mchana nilihesabu pumzi za wa pili kwa saa yangu: sitini na nane kwa dakika moja. Nilihesabu tena. Nilihesabu mara nane, nikiomba niwe nimekosea. Mwaka mzima nilikuwa nimekosea bila kuomba; siku ile nilipoomba, sikufanikiwa.

Bibi alikuja kutoka Mwamkulu na chupa ya uji wa ulezi. Nilijiandaa kwa utani, niliona ni haki yake. Alinimiminia kikombe, akasema, "Kunywa, mume wangu," akaenda kumpokea mke wangu mtoto. Ningependa zaidi anitukane.

Siku ya nane pumzi zilishuka mpaka hamsini, siku ya kumi mpaka arobaini, na siku ya kumi na tatu tukaruhusiwa. Macho yao yalikuwa salama. Wa kwanza alikuwa amepungua kidogo tu. Wa pili alirudi nyumbani hajui kukaa. Shingo ilikuwa imara, lakini ukimkalisha alianguka upande ule ule wa zamani, na ikabidi aanze upya. Alikaa tena Januari. Wa kwanza alitembea akiwa na miezi kumi na tano, wa pili kumi na tisa. Msomaji atoe miwili au aiache, mimi sishauri tena.

Kadi mke wangu alizifungia kwenye sanduku lake la nguo. Nilipoziomba ili nirudishe tarehe ya kweli, alisema ameshairudisha mwenyewe, na kwamba mimi nitaziona siku ya harusi zao.

Hesabu moja aliniachia niifanye: dawa, mchango wa wodi, mkaa, sabuni, maziwa ya kopo, na siku kumi na tatu ambazo ghala halikunilipa. Chanjo yenyewe ilikuwa bure. Hasara yote ilikuwa shilingi elfu thelathini na tisa, mia nne na hamsini.