Kifuniko Chenye Kandambili

Chekeni tu, maana kiwandani wameshacheka bila ruhusa yangu. Mimi, injinia msomi, nilitaka wakubwa wanunue mashine ya kuchapa vipuri vya plastiki. Tusingoje tena boti ya Kinshasa, vipuri tuvichape wenyewe hapa Kisangani! Kwa ushahidi nikaazima mashine moja, nikainakilisha kifuniko kibovu cha pampu ya mawese, bila hata kukikagua. Akili nyingi hizo! Kikatoka kipya, kinang'aa.

Papa Mkurugenzi akakigeuza mbele ya wote. Kumbe mafundi walikuwa wameziba tundu la kile cha zamani kwa soli ya kandambili, na mashine yangu tiifu imenakili yote, hadi alama za vidole vya mguu.

"Bon, injinia," akasema, "hii iko ya kuume. Ya kushoto utachapa lini?"