Kiangazi cha Kijapani Matangani

Aibu hii nilikuwa nimeamua kuzeeka nayo peke yangu, lakini kwa vile watu wa Granville, mtaa wetu hapa Sydney, wanaisimulia vibaya (kuna anayesema nilikuwa nimelewa, na mimi pombe hata siijui), afadhali muipate kwangu mwenyewe.

Ilikuwa baridi ile ya lockdown, Sydney imefungwa, na sisi wa magharibi ya mji ndio tuliobanwa zaidi, ukitoka ni kazini au dukani basi. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye makao fulani karibu na Westmead, nawaogesha, nawalisha, kisha narudi kwenye chumba changu na heater yake inayonuka vumbi. Sasa katika kuzurura mtandaoni nikakutana na albamu ya bendi moja ya Kijapani, ule muziki wao wa zamani unaoitwa city pop, na albamu nzima ni ya kiangazi: kwenye jalada kuna bwawa la kuogelea na mwavuli mwekundu, wimbo wa kwanza unaanza na mawimbi, halafu gitaa la besi linaingia taratibu kama mtu ambaye hana shifti. Kijapani sijui hata salamu. Lakini ukiufungulia muziki ule, nje kuna baridi ya kukata masikio, wewe unasikia jua mgongoni, kwa hiyo nilipika nao, nikapiga pasi nao, nikajifunza hata kuimba (maneno ya uongo, lakini kwa hisia).

Basi, Espérance, Mkongo wa Uvira tunayeimba naye kwaya, akafiwa na mama yake. Mipaka imefungwa, hakuna kusafiri. Ikapangwa ibada ya mtandaoni, huku kwetu jioni na kule Uvira asubuhi, sisi kila mtu nyumbani kwake, wao wamekusanyika uani na simu imeunganishwa kwenye spika kubwa. Kwaya yetu ilikuwa imerekodi wimbo wa kuaga, kila mtu kwa simu yake, nami nikaziunganisha sauti, kwa hiyo kazi ya kuupiga siku hiyo ikawa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mitambo.

Kosa lilikuwa dogo tu. Kabla ya ibada nilikuwa nakunja nguo huku nasikiliza albamu yangu, na badala ya kuifunga nikasema acha niisimamishe tu, nitaendelea baadaye nilipoachia.

Mchungaji wa Uvira akasema sasa tusikie ndugu zetu wa Australia. Nikabonyeza kitufe cha kuchezesha kwenye laptopu, na kitufe hakijui matanga, kikaamsha kile kilichosimamishwa mwisho. Mawimbi. Nikapigwa na butwaa, nikashusha sauti mpaka chini kabisa, kukawa kimya, nikashukuru Mungu, nikaanza kuutafuta wimbo wetu bila papara. Nisichojua ni kwamba nimeishusha kwangu peke yangu. Wengine wote walikuwa wanasikia mawimbi, kisha besi, kisha tarumbeta, kisha dada wa Kijapani anaimba kiangazi chake kwenye spika ya msiba. Kwenye skrini nikaona watu wa Uvira wanasimama mmoja mmoja, wazee kwa akina mama, mikono mbele. Nikawaza, jamani watu hawa wana heshima, wanausubiri wimbo wamesimama.

Simu yangu ikaita. Espérance.

“Ni nini hii unatupigia?” akasema, kwa sauti ya chini sana. “Ile ilikuwa nafasi yangu moja ya kuaga mama.”

Nikazima laptopu nzima. Niliporudi kwenye ibada, mchungaji alikuwa anatoa shukrani. Anasema wimbo ule mpya umewagusa, kwamba wa Australia hawakusahau kuwa marehemu maisha yake yote aliuza ndagala, dagaa wa kwao, ufukweni mwa ziwa, ndiyo maana wameanza na mawimbi. Watu wakaitikia amina. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kipaza sauti changu kilikuwa wazi kabisa, na mimi nikanyamaza, nikajiambia nikimsahihisha nitawaharibia mara ya pili. Espérance naye akanyamaza, lakini kunyamaza kwake kulikuwa kwa uchungu. Jumbe zangu za kuomba radhi alizisoma, hakujibu.

Wiki iliyofuata kukawa na maombi tena, na mchungaji akatangaza kwamba kwaya yao imeupenda wimbo ule, inataka kuuimba siku ya kuweka msalaba kaburini, vijana wameshaanza kushika sauti, kwa hiyo ndugu wa mitambo awatumie maneno. Nyuso zote za Sydney zikatulia kwenye skrini. Nilitamani mtandao ukatike. Siku hiyo ulikuwa mzuri ajabu.

Nikasema yote. Kwamba wimbo ni wa Kijapani, si wa Mungu, ni wa watu wanaoenda kuogelea, kwamba nimekosea kitufe, na wiki nzima nimekaa kimya kwa aibu. Hakuna aliyecheka. Kisha mzee mmoja, Tonton Balthazar, yaani Mjomba, mdogo wake marehemu, akasogea karibu na simu.

“Sasa sisi,” akauliza (kwao “juu ya” ni kwa ajili ya), “tulisimama juu ya nini?”

Aliyejibu ni Espérance, na ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu ile simu.

“Juu ya mama, Tonton. Mulisimama juu ya mama.”

Mzee akafikiri, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Tukaimba wimbo wetu wa kuaga bila mitambo yoyote, kila mtu akichelewa kwa wakati wake, vibaya kabisa, na Espérance akalia kama alivyotakiwa kulia wiki iliyopita.

Alinisamehe, ingawa mambo ya mitambo akapewa mtu mwingine na sikulalamika. Nilichoapa ni hiki: siku nyingine nikishukuriwa kwa kosa langu, nitafungua mdomo papo hapo, kabla watu hawajaanza kushika sauti.