Siku Nilipomfuta Dada Yangu Kwenye Mirathi

Nakumbuka siku moja, mbaazi zikiwa zimechanua, ukungu wa Ziwa Babati ulipanda taratibu mpaka kwetu Sigino, na shamba la marehemu baba likawa kama kitu kinachoelea. Maua ya njano yalichungulia katika weupe ule. Nami, mwanangu, niliingia humo na panga nikaanza kuyakata.

Mbaazi zile zilikuwa za dada yangu Paulina. Baba alimpa kipande kile alipoachika na kurudi nyumbani. Ndiye aliyemuuguza baba miaka miwili ya mwisho, akimgeuza kitandani, akimlisha uji. Mimi nilikuwa mjini, fundi seremala, nikija Jumapili na mkate mkononi. Usicheke. Nilijiona mwana mwema.

Baba hakuacha wosia. Kikao cha ukoo kilinichagua mimi, mtoto wake wa kiume pekee, kuwa msimamizi wa mirathi. Nilipofungua shauri mahakama ya mwanzo, fomu iliuliza warithi ni nani. Nikaandika jina langu tu. Nashangaa mpaka leo. Tangazo lilibandikwa mahakamani siku zilizotakiwa, lakini Paulina hakupita huko. Nilipopata barua ya usimamizi nilitembea Sigino kama mtu aotaye amekuwa mfalme, nikimwambia kila niliyekutana naye kwamba shamba ni langu.

Paulina alinikuta katikati ya mashina yaliyolala. Hakupiga kelele.

"Kaka, si ungesubiri hata zikomae?"

"Kama una haki, nenda mahakamani," nikamjibu.

Akaenda. Njia ya mwongo fupi, mwanangu.

Siku ya kusikiliza pingamizi lake, sauti za bajaji barabarani zilinifikia kana kwamba zinatoka nchi nyingine. Hakimu, mama mtulivu mwenye miwani, aliniuliza, "Marehemu aliacha watoto wangapi?"

Akilini nikamwona baba akivuka korongo wakati wa masika, mimi bega moja, Paulina bega la pili, mikono yetu imeshikana juu ya kichwa chake.

Shangazi Maria, dada yake baba, akainuka kwenye benchi. "Mheshimiwa, nisamehe. Watoto hawa wote wawili niliwapokea mimi walipozaliwa." Kisha akanigeukia. "Baba Elia, ulipewa ufunguo. Nani alikwambia umepewa nyumba?"

Hakimu alimwomba aketi, ila hakumkaripia.

"Wawili," nikasema. "Tuko wawili."

Hakimu alinieleza wazi kwamba kuidanganya mahakama ni kosa, na kwamba angeweza kuniondoa usimamizi palepale. Paulina akaomba nisiondolewe.

"Agawe yeye mwenyewe," alisema, "na mimi nikimwangalia."

Basi tukapima kwa kamba, shangazi akiwa shahidi. Kipande chake kikabaki chake, na shamba lililosalia tukaligawa nusu kwa nusu. Nikapeleka mahakamani orodha ya kweli. Lakini msimu ule Paulina hakuvuna kitu, na kwa miaka minne hakuniita kaka. "Habari za asubuhi, msimamizi," ndivyo alivyonisalimu. Wee! Neno lile lilinichoma kuliko hukumu yoyote. Mpaka siku ya harusi ya binti yangu, alipokuja mwenyewe bila kualikwa, akafunga kanga kiunoni, akaniuliza, "Kaka, sufuria kubwa iko wapi?" Nilimwonyesha, nikatoka nje nikalia.

Sasa sikia, mwanangu. Ukichaguliwa kusimamia mirathi, umefanywa mtumishi wa warithi wote; hujafanywa mwenye mali. Mwandike kila mmoja, wa kike na wa kiume, aliye karibu na aliye mbali, na kama lipo jina ambalo mkono wako unasita kuliandika, anza na hilo. Nawe ukijaliwa mali, andika wosia mbele ya mashahidi ungali na nguvu, usiwaachie wanao kubahatisha ulichotaka. Ardhi itagawanyika na itatosha. Undugu ukikatika, kuuunga ni kazi ya miaka, na wengine hufa hawajaimaliza.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kugawa, na siku usipokuwepo, watoto wako wale pamoja kwenye sahani moja. Amina.