Siku Nne za Vitabu Milimani

Simu ya mdogo wangu ilinikuta sokoni Kibuye, nikifungua mtumba mpya wa sweta za watoto. Hanipigii mara nyingi. Akipiga huwa ni habari ya Mama kule kijijini kwetu, Pap Onditi: dawa zimeisha, au paa linavuja, na mtu anahitajika kwenda. Mtu huyo huwa ni mimi. Kwa hiyo nilipokea nikiwa nimeshaanza kuwaza nitamwachia nani meza yangu.

"Sister," alisema, "wewe si bado unapenda vitabu?"

Tangu tuwe watu wazima sikumbuki kama aliwahi kuniuliza ninapenda nini.

Alikuwa amenunua nyumba Milimani, mtaa wa wenye nazo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa daktari mstaafu, mzee asiye na mke wala mtoto. Alipofariki, jamaa zake wa mbali walikuja wakabeba viti, friji na mapazia, kisha wakauza nyumba. Chumba kizima cha vitabu wakakiacha kama kilivyo.

"Mke wangu anataka hiyo room iwe ya televisheni," alisema. "Lakini zingine ziko na gamba nzuri, za kuweka sebuleni. Kuja unitenganishie. Zile hatutaki ni zako."

"Zote?"

"Zote, sister. Mimi nitafanya nini nazo?"

Sikulala vizuri kwa furaha. Naona haya kuandika hivyo sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ili ieleweke kwa nini mwanamke wa umri wangu akose usingizi kwa sababu ya vitabu vya marehemu asiyemjua, lazima niseme jambo la zamani. Nilifika kidato cha pili. Nilikuwa wa kwanza darasani, na sisemi hivyo kwa majivuno, kwani hakuna aliyebaki wa kuthibitisha. Mwaka ule mdogo wangu akafaulu darasa la nane, na Baba akaona hawezi kutusomesha wawili. Alituita sote nje, chini ya ukingo wa paa, akasema, "Msichana ameshajua kusoma barua na kuandika. Inatosha." Muhula uliofuata mimi nilibaki nyumbani, na sanduku langu la bati likaenda shuleni na yeye.

Baba alishakufa, nilishamsamehe. Kilichonichoma ni kwamba mdogo wangu hakusema neno. Alikuwa na miaka kumi na minne, angesema nini? Hilo nalielewa. Lakini sasa kichwa chake kina mvi, na bado hajasema.

Basi mimi nikasoma nilivyoweza. Nyuma ya safu yetu ya nguo pale Kibuye kulikuwa na mzee mmoja aliyetoka upande wa Mlima Kenya, akiuza vitabu vilivyotumika. Alivimwaga juu ya turubai kama viazi. Alipokwenda kula nilimlindia rundo lake, na malipo yangu yalikuwa kusoma chochote bila kununua. Sikuwa na mtaala. Leo nilisoma namna ya kutengeneza injini ya meli, kesho magonjwa ya mbuzi, kesho kutwa sheria za mirathi za nchi ambayo sikuweza kuiona kwenye ramani. Nilisoma kitabu cha kufundisha mchezo wa chesi mwanzo hadi mwisho na sijawahi kushika kete yake hata moja. Kama kitabu kimechanika katikati, niliishia pale kilipochanikia. Wenzangu walicheka. "Mama, hizo zitakupea nini?" Najua kwa nini daraja halianguki na najua jinsi watu wa nchi za baridi wanavyofukia viazi ardhini visigande. Hakuna mteja aliyewahi kuja kuniuliza mambo hayo.

Jumatano nilifunga meza yangu nikapanda Milimani.

Mke wa mdogo wangu alinipokea vizuri, akanipa leso ya kujifunga kichwani kwa sababu ya vumbi, akanionyesha chumba. Nilisimama mlangoni. Vitabu vilikuwa kutoka sakafuni hadi dari, kuta tatu, na vingine vimerundikwa chini ya dirisha. Nilianza na vilivyokuwa karibu na mkono wangu: konokono wa maji baridi. Kando yake, barabara za kale za Warumi. Kando ya hizo, watoto wenye kigugumizi, kisha kufuma mazulia, kisha nyota, kisha jinsi ya kunoa misumeno. Kulikuwa na kitabu kizima kuhusu chumvi. Nilitafuta mpangilio nikakosa, ndipo nikaelewa kwamba daktari naye hakuwa na mtaala. Alisoma kama mimi. Pembeni mwa kurasa alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo: "si kweli", "niliona Homa Bay", "muulize fundi". Nilihisi nimepata mtu wa kuzungumza naye, ila nimechelewa kufika.

Siku nne nilikaa mle ndani. Nilifuta kila kitabu kwa kitambaa, nikafungua kila kimoja, na hapo ndipo kazi ilipochelewa, kwani kufungua na kufunga bila kusoma siwezi. Vile vya magamba mazuri vyenye maandishi ya dhahabu nilivipanga sebuleni kama mdogo wangu alivyotaka. Vingine nilivitenga kwa mada na kuvitia kwenye makatoni, kila katoni na kipande cha karatasi ngumu nilichokiandika kwa mkono: Wanyama na Mimea. Mwili wa Binadamu. Ufundi. Safari. Yakawa makatoni kumi na mawili, nikayafunga kwa kamba ya katani. Kila jioni nilipokwenda nyumbani nilipima kwa macho ukuta wa chumba changu cha kupanga, nikiwaza rafu itaanzia wapi.

Jumamosi mdogo wangu alikuwa na wageni wa mchana. Nilisikia vicheko sebuleni na harufu ya samaki wa kukaanga ikaja hadi nilipokuwa. Mgeni mmoja, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa akitafuta pa kunawa mikono akaingilia mlango wangu. Baadaye nilijua alikuwa mkuu wa chuo kimoja cha binafsi. Alishangaa.

"Mama, hii ni maktaba kabisa!" Akanyanyua kitabu cha konokono, ambacho nilikuwa nimekibakiza nje. "Sasa nani anasoma habari ya konokono?"

"Mtu anayekaa karibu na ziwa," nilisema. "Kichocho kinapitia kwa konokono. Mdudu hukua ndani yake kwanza, ndipo atokee majini aingie kwenye ngozi ya mtu. Mzee mwenye vitabu hivi alikuwa akiwachora. Tazama huku nyuma."

Nilimwonyesha michoro ya penseli. Akaniuliza hiki na kile, nikamjibu. Tulifika kwenye kigugumizi, kisha Warumi. Alikuwa amesahau kunawa.

"Mama, wewe umesomea wapi?" akauliza.

Kabla sijajibu, mdogo wangu alikuwa ameshafika mlangoni. Alinitazama: leso kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi, miguu peku.

"Ah, Mkuu, umepotea," alisema akicheka. "Huyu ni mama anatusaidia na usafi hapa."

Mgeni aliniangalia, akamwangalia yeye. Tuna paji la uso moja, sisi wawili. Kila mtu husema. Sijui kama aliliona. Alirudisha kitabu mahali pake taratibu, akaniambia, "Asante, Mama," wakaondoka.

Nilikwenda jikoni. Mke wa mdogo wangu alikuwa amesikia. Alinimiminia chai bila kunitazama usoni. Baada ya muda mdogo wangu aliingia akafunga mlango.

"Sister, usichukulie vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Ile ilitoka tu."

"Ilitoka wapi?"

"Sasa ungetaka niseme nini? Hawa ni watu wakubwa. Niseme dada yangu anauza mitumba Kibuye?"

"Ungesema 'dada yangu'," nikamjibu. "Ungeishia hapo."

Akashika kiuno. "Kwa hivyo unataka tuharibu siku ya wageni?"

Sikutaka kuharibu siku ya mtu. Nilivua leso, nikaikunja, nikaiweka mezani karibu na chai ambayo sikuinywa. Nilitokea mlango wa nyuma. Makatoni nikayaacha yalivyofungwa, maana yalikuwa yangu, na Jumatatu ningekuja na mkokoteni.

Jumatatu nilikuja na mkokoteni. Askari wa getini, mtu mwema aliyekuwa akinisalimia siku zote nne, alikuna kichwa. "Mama, zile box zilienda jana. Pikapu ya chuo ilikuja."

Nilimpigia mdogo wangu pale pale, nimesimama barabarani, mwenye mkokoteni akinisubiri.

"Nilikuwa nataka kukuambia," alisema. "Yule Mkuu alizipenda sana. Alisema zimepangwa kama za maktaba. Singeweza kukataa, sister. Wanatafuta mtu wa kuingia kwa bodi yao."

"Ulisema ni zangu."

"Nitakununulia zingine."

"Zingine zipi?"

"Si vitabu ni vitabu?" alisema, na nadhani kweli hakuelewa.

Kama ingeishia hapo, pengine ningeyameza. Lakini wiki mbili baadaye mwanamke anayeuza viatu karibu nami alinijia na simu yake mkononi. "Huyu si ndugu yako? Ako hapa anaongea, watu wanalia!"

Ilikuwa video ya sherehe ya kukabidhi vitabu. Mdogo wangu amevaa suti ya kijivu, makatoni yangu yamepangwa nyuma yake, mwandiko wangu unaonekana. Alikuwa akieleza alivyokulia Pap Onditi katika umaskini. Alisema alikuwa akikunjua karatasi zilizofungia sukari dukani ili asome yaliyoandikwa. Alisema alisoma mekoni kwa mwanga wa moto hadi ugali ukaungua, na mama yake akamchapa kwa mwiko, na alama anayo hadi leo mkononi.

Alama hiyo ninayo mimi. Iko juu ya kiwiko cha kushoto. Mdogo wangu hajawahi kusonga ugali siku hata moja katika maisha yake. Alikuwa akikaa nje akingoja kuitwa. Na aliyaona yote yakitokea. Aliyaweka moyoni miaka hii yote, akayatoa siku yalipomfaa.

"Anajua kuongea!" alisema mwenye viatu.

"Anajua," nikasema, nikamrudishia simu yake.

Nilikwenda kwa Mama. Nilimkuta akipeta mtama uani, nikakaa chini nikamweleza yote, kuanzia simu ya kwanza. Hakunikatiza. Nilipomaliza alipeta tena kidogo, akatupa makapi.

"Nyara," alisema, neno letu la kumwita binti, "yule ndiye ananinunulia dawa."

"Na nani anakuletea?"

Alimimina mtama mwingine kwenye ungo. Kisha akasema, "Usinifanye nichague kati ya watoto wangu."

"Mlishachagua, Mama. Zamani."

Ungo ulisimama mikononi mwake. Nilijuta mara moja, kwa kuwa mwaka ule hakuna aliyemuuliza yeye chochote. Baba alisema, naye Mama akasikia tu, kama mimi. Lakini neno lilikuwa limetoka, na sikulirudisha. Nilimtekea maji, nikampikia, nikamkagulia dawa zake, nikarudi mjini.

Siku moja nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda pale chuoni. Vitabu vilikuwa kwenye kabati mbili za vioo, zimefungwa kwa kufuli, na juu yake kibao chenye jina la mdogo wangu. Binti mhudumu wa maktaba alikuwa na heshima.

"Hizo bado hazijaingizwa kwa rejista, Mama," alisema. "Na wanafunzi hawaziulizii. Wanataka tu za mtihani. Kuna moja unatafuta?"

Ningemwambia nini? Kupitia kioo nilikiona kitabu cha chumvi, ambacho nilikuwa nimekisoma hadi ukurasa wa sitini. Nilimwambia nilikuwa napita tu.

Mdogo wangu alikuja Kibuye mara moja, baada ya miezi. Hakuwa amewahi kufika kwenye meza yangu kabla ya siku hiyo. Alisimama katikati ya nguo za watoto, viatu vyake vinang'aa kwenye matope, akangoja nimalize na mteja aliyekuwa akipima sweta kwenye mgongo wa mwanawe.

"Sister, tumalize haya maneno," alisema. "Mama anaumia."

"Yaishe," nikasema. "Rudi kwa wale watu wako, uwaambie aliyepanga vile vitabu ni dada yako. Na aliyechapwa kwa mwiko ni dada huyo huyo. Mimi sitaki kingine."

Nilikuwa nimesema kwa sauti yangu ya kawaida, sauti ya sokoni. Mdogo wangu alitabasamu, kisha nikamwona akigeuza macho, kwanza kushoto, halafu kulia, aone ni nani aliyesikia.

Mteja mwingine alikuwa ameshika sweta ya bluu akiuliza kama kuna kubwa zaidi, nikainama kumtafutia. Nilipoinuka, mdogo wangu alikuwa ameshavuka barabara.