Baba kapeleka komiki ya kale ya shemeji Mzungu kwenye lamination, nyumba nzima tukakosa amani

Wakuu, heshima kwenu wote, wa juu na wa chini.

Hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Imetokea nyumbani kwetu Unyambwa, nje kidogo ya Singida mjini, na wahusika wote wazima. Majina nimebadilisha maana na wenyewe wanapita humu kimya kimya.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa presha. Siwezi kukaa kwenye kiti nikamaliza chai. Dada yangu husema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali. Kwa hiyo nikisema nilikosa raha, elewa nilikosa raha mara mbili ya mtu wa kawaida.

Huyo dada, tumwite Upendo, ameolewa na Mzungu wa Ulaya. Tumwite Joris.

Siyo Mzungu wa kupita. Kakaa nchi hii mpaka mlenda anakula bila kukunja uso. Akimwona baba yangu anainama kabisa, "Shikamoo baba", na anasubiri aitikiwe ndipo anyanyuke. Mzee anampenda kuliko anavyonipenda mimi, hilo nilishalizoea.

Ugonjwa wake ni mmoja tu. Komiki za kale za mashujaa, wale wa kuvaa barakoa na joho wanaoruka magorofa.

Mimi nilidhani watu wa aina hiyo wanatafuta za Marekani. Yeye hazitaki. Anakusanya zile zilizotafsiriwa na kuchapishwa kwao, karatasi za bei chee, rangi zimevuka mistari, hadithi zimekatwakatwa ili zitoshe kurasa. Anasema wakusanyaji wakubwa wanaziona takataka.

"Lakini shem, mimi yule shujaa alinisemesha kwa lugha ya bibi yangu. Yule wa Kiingereza simjui."

Kila moja ina mfuko wake wa plastiki, zote zipo kwenye sanduku la bati. Akitoa moja anaishika kama padre anavyoshika hostia. Ukipumua karibu anakuangalia vibaya.

Sasa kuna toleo moja lilimnyima usingizi tangu utoto.

Lile lililotangulia analo. Linaisha shujaa kafungiwa chumba cha chini ya ardhi, maji yanapanda, yamefika kidevuni. Halafu basi, subiri toleo lijalo. Toleo lijalo halikufika kijijini kwao. Bibi akafariki, wachapishaji wakafunga, mtoto akakua akaota mvi, hajui mtu wake alitokaje mle ndani. Na hataki kusimuliwa! Akikuta watu wanaijadili mtandaoni anafunga simu.

Mwaka huu akaipata komiki hiyo kwa mzee mmoja huko kwao. Ikatumwa kwa posta.

Ilipofika, yeye na dada walikuwa Mwanza kikazi. Akanipigia nikaichukue. Sauti ilikuwa inatetemeka wakuu, mtu mzima na ndevu zake.

"Shem, usifungue. Weka pakavu tu. Nakuja."

Nikaichukua. Bahasha ilishachanika kona moja. Nikafika nyumbani, hata sijakaa, simu ikaita: lori langu la mashudu ya alizeti limekufa njiani, Shelui, dereva kakwama. Nikamkabidhi baba ile bahasha.

Nilimwambia hivi, neno kwa neno: "Baba, hii ni mali ya mkwe wako, ni ya thamani sana. Itunze isiharibike."

Nikaondoka.

Hapa nipumzike kidogo niwaulize. Kwetu sisi, karatasi usiyotaka iharibike unaifanyaje? Cheti cha kuzaliwa? Cha ubatizo? Picha ya marehemu mama pale ukutani?

Naam. Mmeshanielewa.

Narudi kutoka Shelui, vumbi mpaka kwenye kope, namkuta baba amekaa barazani ana furaha zake. Ananiambia, "Njoo uone. Kilikuwa kinaoza kile kitabu, mwanangu. Pini zimeshika kutu, karatasi za njano. Nilikionea huruma."

Alichukua boda mpaka mjini, stationery. Binti wa pale katoa pini zote. Kakata kurasa kwenye mkunjo. Kapunguza kingo zilizochakaa zikae sawa. Kalaminate kurasa zote, halafu kaifunga spiral. Ya bluu!

Yaani inang'aa kama menyu ya hoteli.

Nilisema, "Eeh, imependeza baba." Nikaenda nyuma ya banda la kuku nikashika kichwa.

Kesho yake alfajiri nipo stationery hata hawajafungua. Nikamuuliza yule binti kama lamination inabanduka. Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, ukiivuta inatoka na karatasi."

Nikampigia dada. Nikamweleza yote. Akanijibu: "Usithubutu kumwambia baba kwamba kaharibu. Umesikia? Atajisikia vibaya, na presha yake unaijua."

"Na mumeo?"

"Joris nitaongea naye mimi."

Hakuongea naye. Najua kwa sababu jamaa alikuwa ananitumia meseji, "Shem, ipo salama?" Mimi namrudishia dole gumba. Dole gumba wakuu! Natuma halafu natembea uani, natoka getini, narudi. Baba ananiuliza kama nadaiwa. Nikienda Iguguno kununua alizeti nasahau kilichonipeleka.

Kilichonitesa siyo ile karatasi. Nilimwona baba akisubiri. Kila gari likipunguza mwendo barabarani anasimama, ana hamu ya kumkabidhi mkwe wake zawadi. Na mimi najua Joris akiiona anaweza kulipuka mbele ya mzee, na baada ya hapo ukwe umeisha. Au atamezea, abaki na kinyongo maisha yake yote. Sikuona njia ya tatu.

Basi, wakafika.

Dada kachinja kuku. Tumenawa, tumekaa. Baba akaingia chumbani, akatoka na ile komiki kwenye kitambaa cheupe, akampa kwa mikono miwili. "Mkwe, kitabu chako. Hiki sasa hata mvua ikikinyeshea hakifi."

Joris akapokea kwa mikono miwili. Akafunua kitambaa.

Sijawahi kuona mtu akibadilika rangi usoni vile. Akafungua ukurasa mmoja, plastiki ikalia. Akafunga.

"Asante, baba."

Akamega tonge, akalirudisha kwenye sahani. Mimi naangalia mlango. Dada anaangalia sahani.

Baba akaweka tonge lake chini. "Mkwe, kuna nini?"

Dada akadakia, "Amechoka na safari, baba."

"Sijakuuliza wewe."

Joris akasema taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha kunyoosha: "Baba, kimeharibika. Kwa watu wanaokusanya, kitabu kinatakiwa kibaki kama kilivyozaliwa. Na pini zake, na kutu yake. Hiki hakirudi tena. Nimekitafuta tangu mtoto. Nimeumia sana, baba. Najua ulitaka kunisaidia."

Nikasema moyoni, leo tumekwisha.

Baba akanigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, baba. Tangu niliporudi Shelui."

"Na dada yako?"

Upendo akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo mlijua wote. Mnanitazama nakaa barazani nachekelea, na mnajua." Hakupandisha sauti, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mimi nimemzika mama yenu. Nimemzika kaka yenu kwa mikono hii. Mkadhani nitaangushwa na kitabu cha picha?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Akamgeukia mkwe wake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikionea huruma tu."

"Nimekusamehe, baba."

"Haya. Kinasemaje?"

"Sijui. Sijakisoma."

"Umekitafuta tangu mtoto, hujui kinasemaje?" Mzee akashangaa kweli. "Kingekuja kizima ungekisoma leo?"

Joris akafikiri. "Ningekiweka kwenye mfuko kwanza. Nilikuwa naogopa kukifungua."

"Sasa si kimeshaharibika? Tusomee."

Akasoma. Anasoma kimoyomoyo kwa lugha yao, anatutafsiria. Kuku anapoa pale mezani. Baba kasogeza kiti, anafuata picha kwa kidole juu ya plastiki. Yule jamaa maji kidevuni, adui anacheka, maji yanafunika kichwa. Hata mimi nilikuwa nimetulia, fikiria mwenyewe.

Ukurasa wa pili tu, shujaa huyo katokea juu ya paa, mkavu! Kule chumbani alikuwa ameweka sanamu la plastiki lililovalishwa nguo zake.

Baba akaangalia picha, akamwangalia Joris.

"Kumbe mle ndani hakuwemo?"

"Hakuwemo, baba."

"Miaka yote hiyo ulikuwa unamwogopea mtu ambaye hakuwemo?"

Joris akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaweka kichwa mezani, halafu tukaona mabega yanatikisika na siyo kicheko tena. Baba akamwekea mkono mgongoni, akauacha pale mpaka akatulia.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha vizuri. Ile komiki imekufa, na Joris hajawahi kusema kwamba ni sawa. Ipo kwake, haipo kwenye sanduku la bati.

Nilichojifunza ni hiki. Nilijiona namlinda baba yangu. Kumbe nilikuwa namdharau, namwona mtu asiyeweza kuambiwa kitu. Mgeni kutoka Ulaya ndiye aliyemheshimu kwa kumwambia ukweli usoni.

Haya wakuu, uwanja wenu. Mzee wako akikosea kwa nia njema, unamwambia au unamezea? Dada yangu mpaka leo anashikilia tungenyamaza yangepita. Mimi nikikumbuka lile "wewe ulijua?" nasimama, natoka nje, sijui hata naenda wapi.