Chupa Iliyopungua Upesi

Moshi wa senetwet ndio unaonirudisha utotoni. Kwetu Bomet, kijiti cha mti huo huchomwa ncha kikasuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa ya kugandishwa, mursik. Hata leo nikiunusa, kifua hunibana kwanza, ndipo namkumbuka Kogo, nyanya yangu mzaa baba, akisugua vibuyu vyake jikoni mpaka moshi umemfukuza hata paka.

Miaka hiyo ya tisini nilikohoa mpaka majirani wakanitengea kikombe. "Huyo ana TB," walinong'ona, wakidhani sisikii. Mama akanipeleka hospitali kule Kericho, tukarudi na dawa ya maji ya kufungua kifua, tamu kama soda. Nikinywa, pumzi inapita. Shida ni kwamba vidole vilitetemeka, majani ya chai yakawa yananiponyoka shambani.

Kogo aliona. "Dawa gani hii ya kutetemesha mtoto? Ai, hapana! Hanywi kabla sijaonja."

Kwetu anayekumiminia maziwa huonja kwanza mbele yako, ujue hajakutilia kitu. Basi kila nilipopewa kijiko changu, Kogo alionja, akakunja uso, akaketi akingoja imuue. Haikumuua.

Kilichonitia wasiwasi ni chupa. Ilipungua upesi mno. Mama alinitazama mimi, nami nikamtazama Kogo. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliamini kabisa: Kogo anaimwaga, siku moja nitabanwa kifua na dawa hakuna, nife. Haki niliogopa. Hata uji wake nikaukataa.

Jumamosi moja nikajibanza nyuma ya ghala la mahindi. Akatoka jikoni na chupa, akaangalia huku na huku, akaiinua. Kumbe hamwagi. Anakunywa!

"Kogo! Hiyo ni yangu!" Nililia kwa hasira.

Hakunigombeza. Alikaa chini polepole, chupa mapajani.

"Siku ile nilionja, Cherono, nikapanda kutoka mtoni na maji yangu bila kusimama hata mara moja. Sikujua kifua kinaweza kufunguka hivyo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Jumatatu tulienda Kericho watatu, Kogo amevaa gauni lake la kanisani, akimtazama kila mtu mwenye koti jeupe kama anayemtazama mwizi wa ng'ombe.

Nilielewa baadaye sana, nikiwa na watoto wangu, na bado inaniuma. Kogo alikohoa katika jiko lile tangu baba hajazaliwa, na sote tulimsikia. Mimi nilipokohoa, nilipelekwa hospitali. Yeye alipokohoa huko njiani, tulicheka tukasema, "Kogo huyo anafika, wekeni chai."