Orval Aliisikia Gia Ikitoka

Orval Teague alikuwa mwoga, na mwenyewe alijua. Miaka kumi na tisa aliendesha malori kutoka Denver kuvuka milima, na hakuna siku aliyoteremka Mlima Saddler bila hofu. Kila akifika kileleni alisimama, akashuka, akagonga tairi moja moja kwa nyundo, akakagua breki, ndipo akaanza kuteremka kwa gia ileile aliyopandia. Gia uliyopandia ndiyo unayoteremkia: madereva wote wa njia ile walifundishwa hivyo, na wengi walisahau wakishikwa na haraka.

Kwa sababu hiyo walimwita Bibi. Akiingia tu kwenye mkahawa wa Wilma, pale chini mlima unapoishia, mtu alipaza sauti kutoka kaunta: "Bibi kafika jamani, mpisheni kiti, miguu inamuuma." Orval alicheka nao, akala pai yake ya tufaha, akaaga. Lakini yalimchoma. Mwanamume wa miaka hamsini na moja, baba wa mabinti watatu, kuitwa Bibi mbele za watu si jambo dogo, na anayesema ni utani tu hajataniwa miaka kumi na tisa mfululizo.

Mwaka 1954 kampuni ilianza kuwapanga madereva wawili wawili, mmoja anaendesha, mwenzake analala kwenye kitanda chembamba nyuma ya viti. Orval alipangwa na Lyle Hatcher, kijana wa miaka thelathini na mbili, fundi wa usukani kwelikweli, ila mdomo haukumtulia. Akiwa na Lyle, Orval hakupata usingizi hata wa kuibia. Alilala chali kwenye kitanda kile, kilichozibwa kwa mbao kama sanduku na kuachiwa tundu tu la kutokea mbele, macho makavu, akisikiliza injini.

"Umelala, Bibi?" Lyle alikuwa akiuliza.

"Usingizi wa pono, bwana," Orval alijibu, na Lyle akaangua kicheko, maana aliyelala hajibu.

Asubuhi moja ya Juni, wamebeba tani kumi na tano za viazi, Orval alihisi lori limefika kileleni. Akangoja lisimame. Halikusimama. Kisha akasikia mkono wa gia ukisogea, na mngurumo wa injini ukashuka ukawa mnong'ono. Lyle alikuwa ametoa gia, ameuachia mzigo uwavute wenyewe, ili awahi.

Orval alikaza masikio. Alijua vizuri sana maana ya kitu kile: injini haizuii tena, breki zimebaki peke yake, na breki zikishapata moto hazimjui mtu. Lori lilikuwa bado halijakolea mwendo. Angegonga ubao mara moja tu, akasema "Rudisha gia, Lyle," ingerudi. Lakini moyoni alishaisikia hadithi yake ikisimuliwa mkahawani kwa Wilma, jinsi Bibi alivyolia kitandani. Akafunga mdomo. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, naye amejishika kwenye godoro kwa mikono miwili, akimwomba Mungu Lyle aikumbuke gia mwenyewe.

Kwenye kona ya tatu ukaja moshi wa breki. Halafu ikaja sauti ya meno ya gia yakisagana, mara moja, mara mbili, yakikataa kukamatana. Orval akajipenyeza kwenye tundu, akaangukia kiti cha abiria.

"Breki?"

"Hazishiki." Lyle alikuwa mweupe kama unga. "Gia nayo haiingii. Nimejaribu, haiingii."

Kushoto palikuwa na korongo, kulia ukuta wa jabali. Maili mbili mbele, barabara ilikata kona kali mbele ya mkahawa wa Wilma, na saa ile watu walikuwa wakinywa chai, magari yamejaa uwanjani. Mshale wa mwendo ulisoma maili sabini kwa saa na bado ulikuwa ukipanda. Orval akaelekeza kidole kulia.

"Lilaze kwenye jabali," akasema.

"Jabali liko upande wako, Orval."

"Najua liko wapi. Lilaze!"

Lyle akakata usukani kulia. Jabali likang'oa kioo, likang'oa mlango, likaanza kuikunja bodi ndani kama bati, na Orval akapiga kelele bila haya, akapiga kelele muda wote mpaka lori liliposimama. Viazi viliendelea kubingirika barabarani. Mguu wake wa kulia ulikatwa siku ileile, juu ya goti.

Siku ya tisa Lyle alikuja hospitalini na madereva wanne, kofia mikononi. Wilma alikuwa amewapa pai nzima wamletee. Hakuna aliyesema Bibi.

"Nimewaambia wote ukweli," Lyle alisema, macho yamemjaa machozi. "Mimi ndiye niliyetoa gia, na wewe ndiye uliyeniokoa. Ungechelewa kuamka dakika moja tu, ndugu yangu, leo tungekuwa kaburini. Hivi ni nini kilichokuamsha?"

Orval aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wakimwangalia kwa heshima ambayo alikuwa ameitamani miaka yote ile, na ingetosha kunyamaza tu ili abaki nayo. Akaitazama shuka, pale ilipolala bapa.

"Sikuwa nimelala," akasema. "Niliisikia gia ikitoka kule juu. Niliogopa mtanicheka."